Picha ya Mkono wa Nyanjige

Tangu zahanati za watu binafsi ziruhusiwe Bariadi, Mwandu hakumwamini daktari yeyote. Aliwatia kapu moja na wanunuzi wapya wa pamba: maneno asali, mizani ya uongo. Leo alikuwa amemleta binti yake, Nyanjige, aliyevunjika mkono.

"Mfupa una kifuko cha maji ndani," daktari alisema. "Tungoje kwanza uunge, mara nyingine shimo hujiziba lenyewe. Lisipojiziba, tutayanyonya maji kwa sindano na kuweka dawa, au tutalikwangua na kulijaza mfupa kidogo wa nyonga yake."

"Nyonga yake tena? Mifupa ya watoto mnaiuza wapi?" Mwandu alifoka, akampokonya picha ya eksirei na kuiinua dirishani. Marehemu baba yake alikuwa mganga wa kusoma kuku. Kwake, doa upande wa kushoto wa kuku aliyepasuliwa lilimtaja adui kuwa mkosaji, la kulia mwenye nyumba mwenyewe. Shimo lilikuwa kushoto. "Nilijua! Ni jirani yangu Ngeleja, ananionea wivu ng'ombe zangu!"

"Mzee, umeishika kinyume." Daktari akaigeuza.

Shimo likahamia kulia.

Mwandu akanywea. Nyanjige aliinamia bandeji yake, akarudia maneno aliyofundishwa na baba yake njia nzima: "Nilianguka nikifukuza ndama."

"Basi si ajabu," daktari alisema. "Mfupa wa namna hii hata kuanguka kidogo huuvunja."

"Hakuanguka," Mwandu alisema. "Nilimvuta."