Namba ya Kaburi

Kompyuta ya ofisi ya makaburi haikuwa imekufa. Ilikuwa nzito tu kuamka. Ndani yake mlikuwa na hifadhidata yenye namba ya kila kaburi, na kila ilipowashwa, mfumo uliipa hifadhidata hiyo nusu dakika iitike. Isipoitika, inakatwa. Kwa mashine kongwe kama ile, nusu dakika haitoshi hata kupiga miayo.

"Fundi, mwanangu, itaamka?" aliniuliza mama aliyekaa kwenye benchi.

Alikuja kumtafuta mumewe. Makaburi ya zamani yalikuwa yanachimbwa siku hiyo kupisha barabara, na vibao vya majina vilishang'olewa. Mwenye namba angemhamisha marehemu wake. Asiye nayo, basi tena.

"Itaamka, mama. Nimeirefushia muda wa kusubiri. Tuiache ipumue."

Msimamizi wa ofisi, ambaye sote tunamwita Zima-Washa, akasonya. "Unaibembeleza kama kichanga! Dawa yake mimi naijua."

"Dawa yako ndiyo iliyoifikisha hapa, bosi. Ukiizima kwa nguvu, ikiwaka inaanza kujikagua upya, inazidi kuchelewa. Usiiguse, hata skrini ikiganda. Umenisikia?"

"Nimekusikia, profesa."

Nikatoka mbio kumsihi dereva wa tingatinga la kuchimba makaburi atupe muda. Akakubali shingo upande: angeanzia upande wa ukuta wa makaburi, kisha aje huku. Niliporudi, skrini ilikuwa nyeusi, na kidole cha Zima-Washa bado kiko kwenye kitufe.

"Ilikuwa imeganda," akasema.

Ilikuwa inajikarabati. Nikaiwasha tena. Safari hii iliitika upesi, ikaniambia faili la makaburi limeharibika, halisomeki. Nakala ya akiba? Hakuna aliyewahi kuitoa.

Nje, tingatinga lilikuwa linasogea. Yule mama akasimama dirishani. "Sasa nimwoneshe dereva wapi, mwanangu?"

Nikamgeukia msimamizi, nikamwambia waziwazi kwamba amemzika mume wa yule mama mara ya pili.

Akafura. "Mimi ni sawa na baba yako! Niombe radhi sasa hivi, la sivyo kazi huna."

Mama akanishika mkono. "Muombe tu. Langu limeshaharibika, usiharibu na lako."

Nikachukua begi langu.

"Siombi," nikasema. "Si leo, si kesho, hata ukinipigia magoti."