Maji ya Jumamosi

Jina la Sikio hakupewa na wazazi. Alipachikwa gereji, kwa kuwa fundi huyo alikuwa akiujua ugonjwa wa gari kabla boneti haijafunguliwa. Mwenyewe alipenda kusema kwamba masikio hayo ni ya mama yake, na hapo hakuwa akitia chumvi. Enzi zake, mama alijua mumewe anarudi gari likiwa bado mtaa wa tatu, na alijua pia kama njiani lilimsumbua.

Mume huyo alikuwa amekufa miaka kumi na tisa iliyopita. Gari lake dogo la rangi ya maziwa, lililowazidi umri watoto wake wote wawili, lilibaki bandani nyuma ya nyumba, limeinuliwa juu ya mawe manne. Sasa mama naye alikuwa akienda. Macho yalitangulia, figo zikafuata. Daktari aliwaambia watoto wahesabu wiki, miezi waisahau. Mama alipoulizwa anatamani nini, hakutaka supu wala shuka jipya.

"Nataka nilisikie gari la baba yenu," alisema. "Mara moja tu. Halafu niacheni nijiendee zangu."

"Hilo tu, mama?" Sikio alicheka. "Hiyo kazi ya mkono wa kushoto."

Mdomo huponza kichwa. Aliomba ruhusa kazini, akajifungia bandani. Alitoa viota vya panya, akasafisha kabureta, akapiga msasa platini za kuwashia moto, akamimina dizeli kwenye silinda ili pistoni zilizoganda zilegee. Kila jioni mama alidai ripoti, amelala chali, kidole juu kama mwalimu.

"Na maji? Maji umeangalia?"

Maji hayo yalikuwa na kisa chake. Baba alipolazwa kwa mara ya mwisho alimwachia mkewe agizo moja: kila Jumamosi angalia maji ya rejeta. Alikusudia wiki mbili tatu, mpaka atoke hospitali. Hakutoka, na agizo halikupata wa kulitengua. Basi kila Jumamosi, kwa miaka kumi na tisa, kukiwa na mvua, homa au msiba, mjane huyo alikwenda bandani na kopo lake. Hata macho yalipozima, alikwenda akipapasa ukuta.

"Siku hizi lina kiu kweli," alimwambia Sikio kwa fahari. "Zamani lilitosheka na kikombe. Sasa linameza kopo zima. Lakini sijaliacha na kiu, mwanangu, hata Jumamosi moja."

Siku ya tano Sikio alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka na kitu cheupe kama uji. Alifungua silinda hedi, akachungulia kwa tochi. Maji matupu ya bomba, bila dawa ya kutu, yalikuwa yameila injini kwa ndani mpaka kuta zikatoboka. Lingeachwa kavu, gari lile lingesubiri hata miaka hamsini. Liliuawa kopo kwa kopo, na mtu aliyelipenda kuliko wote. Injini nyingine ya namna ile hakuna aliyekuwa nayo tena. Alipiga simu mpaka sauti ikamkauka.

Dada yake, mshonaji aliyeacha cherehani ili amuuguze mama, alimkuta amekaa juu ya tairi.

"Mwambie," dada alisema baada ya kuelezwa. "Mama si mtoto."

"Nimwambie nini? Kwamba miaka yote ile alikuwa akiliua?"

"Basi utafanyaje?"

"Nitalifunga tena, niliwashe bila maji, maana yakitiwa yatavujia ndani ya silinda. Dakika tano litavumilia. Atasikia, nitazima, yaishe."

"Njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu."

"Na ya mama je? Nayo ni fupi."

Jumamosi asubuhi walifungua milango yote miwili ya banda, wakamleta mama juu ya kiti, mito pande zote. Aliomba mkono wake uwekwe juu ya boneti. Sikio alizungusha ufunguo. Mara ya kwanza kimya, ya pili kikohozi, ya tatu injini ikaitika, na banda zima likatetemeka.

"Ndilo," mama alisema, na machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona. "Ndilo lenyewe. Sasa angefika kwenye kona."

Dakika ya tano Sikio alipeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usizime!"

"Mama, limetosha."

"Nimengoja miaka kumi na tisa, unanipa dakika tano?"

Alishindwa. Nani angeweza? Mkono ulibaki pale pale juu ya ufunguo. Lakini masikio yale yalikuwa ya mama kweli, maana yeye ndiye aliyesikia kwanza. Mama aliinua kiganja ghafla kutoka kwenye boneti.

"Linaungua! Zima!"

Kabla hajazima, chuma kilisaga chuma, injini ikakwama. Harufu ya oili iliyoungua ilijaa bandani.

"Hukutia maji," mama alisema polepole.

Dada alifungua mdomo. Sikio alimtazama, naye akaufunga.

"Nilisahau, mama."

"Ulisahau." Alitikisa kichwa. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe umesifiwa, hata maji hukutia."

Aliishi siku tisa zaidi. Kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa. "Huyo hapo, fundi wa watu! Gari la baba yake kaliua kwa uzembe." Wageni walimtazama Sikio, wengine walikuwa wateja wake, naye akijibu, "Kweli, mama," huku akiwamiminia chai. Aibu ilimchoma, tena sana, na usiseme alizoea.

Siku ya tisa mama alimwita, akamshika sikio kama alivyomshika utotoni.

"Nimekusamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe ulisahau. Binadamu husahau. Mimi tu ndiye ambaye sikusahau hata Jumamosi moja."

"Najua, mama," alisema. "Hukusahau."