Mtoto wa Nusu Lita

Baridi ya mwezi wa saba Lubumbashi haina adabu. Ilikuwa imelala stoo ya hospitali, juu ya saruji, pamoja na chupa zote za serumu, maji ya kutundikiwa wagonjwa. Mzee Mulenga, mchimba shaba aliyekaushwa na kuhara, alikuwa amekwisha kuing'oa sindano mara mbili. Maji yale yakiingia tu, mshipa ulinywea, mkono ukapoa na matone yakasuasua. Akamwambia muuguzi Ngalula bila kumung'unya maneno:

"Mama, hii mayi iko baridi mpaka ku moyo. Ukileta ingine ya vile, ntaivuta tena."

Bila maji yale angekufa, na Ngalula alijua. Kupasha chupa jikoni? Bwana Mwape, mkuu wa wauguzi, alikwisha kukataza tangu moja ipasukie sufuriani. Amri zake hazikuisha, na nyingine ilisema: atakayeingia wodini na mtoto mgongoni, afungashe virago.

Basi asubuhi moja Ngalula, ambaye kitindamimba wake alikuwa na ndevu tayari, akaingia wodini na mtoto mgongoni. Amejifunga kitenge barabara, anapita kitanda hadi kitanda, anambembeleza. Wagonjwa wakasahau maumivu yao, wakaanza kuhesabu miezi na kumtafuta baba. Umbea hauna likizo. Kabla ya saa nne ulikuwa umefika ofisini kwa Mwape.

Mwape akaja na barua ya kumfukuza, imebaki sahihi tu.

"Citoyenne, huyu mutoto iko na myezi ngapi?"

"Iko na nusu litre, citoyen."

Akafungua kitenge, akatoa chupa, vuguvugu kama shavu la mtoto kweli. Kazi aliona imekwisha, sasa aogope nini? Akaitundika palepale kitandani kwa Mulenga. Matone yakakimbia. Mulenga hakuvuta kitu. Alifumba macho, akauliza kama huyo mtoto ana wadogo zake. Mwape akaushika mkono wa mzee, akauona umepata joto. Kisha akaondoka na barua yake bila kuitia sahihi.

Usiku ule Ngalula hakupata usingizi, hajui kama barua itatiwa sahihi au la. Asubuhi akamkuta Mwape mlangoni mwa wodi, kiunoni kitenge cha mkewe, mgongoni chupa mbili, anatembea kwa uangalifu mkubwa.

"Nisaidie kufungua," akanong'ona. "Miye niko na mapasa."