Mashahidi Watatu wa Mzizi

Kazini walimwita Hakimu. Neno adimu la Kiingereza haliingii katika kamusi yao mpaka yeye alipatie mashahidi watatu, yaani waandishi watatu wasiojuana, wote wamelieleza kwa maana moja. Shahidi mmoja akiyumba, neno linatupwa nje, hata ulie machozi ya damu.

Asubuhi hiyo shangazi yake alimpigia simu kwa madaha. Jirani aliyehama alimwachia pakiti ya mizizi mikavu yenye jina la Kiingereza, naye kalikuta katika kamusi ya Hakimu: mzizi mtamu wa kuchemsha. Basi mchana anaupika, Hakimu aje wale. Hakimu akacheka, kichwa kikamvimba kidogo.

Akajiambia ngoja awatazame tena mashahidi wa neno lile, ajisifu moyoni. Kitabu cha shule, jarida la kilimo, mwongozo wa wasafiri. Wote wameandika maneno yaleyale, "mzizi mtamu wa kuchemsha", kana kwamba wamekaa meza moja. Akatazama miaka. Wote waliandika baada ya toleo la kwanza la kamusi, lililotoka kabla ya sheria yake ya mashahidi. Lo! Walikuwa wameinakili kamusi yenyewe, na yeye, katika toleo la pili, akawaita hao hao waje kuithibitisha.

Akatafuta maandishi ya zamani zaidi. Akayapata ya daktari mmoja wa mifugo: ng'ombe waliokula mzizi huo walilala, wasiinuke tena.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, wapi. Akatoka mbio bila mkoba, mlinzi akamwuliza kulikoni, hakumjibu. Njia nzima roho ilikuwa mkononi. Aliogopa kufika na aliogopa kuchelewa, na kila aliyempisha njia alimwona kama mtu atokaye msibani.

Mlango ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa ameketi jikoni, sahani mbili mezani, sufuria inatoa mvuke.

"Umekula?"

"Nile vipi na nimealika mgeni?"

 Hakimu aliibeba sufuria, akaenda kuimwaga yote chooni. Shangazi akanuna, akalalamika kwamba amehangaika nayo tangu asubuhi, na kwamba kitabu chenyewe kimesema mzizi unaliwa. Ndipo Hakimu akamweleza kila kitu, hata lile la ng'ombe.

 Shangazi akaitazama kamusi iliyokuwa kando ya sahani, ile aliyokuwa akiwaonyesha wageni wote.

"Mimi nina wewe wa kunikimbilia, mwanangu," akasema. "Wenzangu walionunua kitabu hiki wana nani?"

 Hakimu alisimama na sufuria tupu mkononi, hofu ikamrudia upya, na safari hii hakujua akimbilie nyumba ipi.