Unyoya Ufani

Nafanya usafi kwenye ofisi wanakotengeneza michezo ya simu. Ghorofa ya tatu, zulia la kijivu, madirisha yasiyofunguka. Nikimaliza kupiga deki hunikalisha kwenye kiti laini, wananipa simu yenye mchezo wao mpya, wananitazama kama nitabonyeza. Wananiita Bibi Subira, maana wote waliokalishwa pale walibonyeza, isipokuwa mimi.

Kinachobonyezwa ni sanduku. Linaelea katikati ya kioo kama limelala majini, linapumua, na kwenye ufa wa kifuniko unatoka mwanga wa zambarau. Ndani, wanasema, huenda yumo ndege wa dhahabu. Huenda. Kubonyeza mara moja ni pesa ya peremende tu. Mimi huliangalia. Kungoja nimekuzoea, nilipomaliza shule ya msingi niliambiwa ningoje kidogo kabla ya sekondari, na mpaka leo nangoja.

"Ukibonyeza wewe," alisema kaka mmoja wa pale ofisini, anayetengeneza sauti za mchezo, "hata jiwe litabonyeza."

"Basi likalisheni jiwe. Lenyewe halina deki ya kupiga."

Wakacheka. Siku hiyo kaka alikuwa ameweka sauti mpya. Sijui niielezeje. Ilikuwa kama mlango wa nyumbani unaposukumwa taratibu na mtu uliyekata tamaa kwamba atarudi. Chumba kikawa mbali. Zulia likawa maji. Nikaona kidole changu kinakwenda chenyewe, kama cha mtu mwingine, kikasimama umbali wa unywele mmoja juu ya kioo.

"Hapo!" Kaka akainuka. "Umesikia nini hapo?"

Nikamfikiria dada. Dada yangu ni fundi cherehani, ndiye aliyenilea. Tangu auweke mchezo huu kwenye simu yake, mapazia ya wateja yamelala kitini bila pindo. Pasi ameuza. Meza ya kukatia ameuza. Na jioni ile ile alikuwa na miadi na mtu wa kuinunua cherehani yenyewe.

"Usingizi," nikasema. "Imenibembeleza, kidole kikalegea."

Akanuna, akaifuta sauti ile. Nilimwona akiifuta. Atatafuta nyingine, sijidanganyi. Lakini ile ilifutwa.

Nyumbani jua lilikuwa bado dirishani. Dada amekaa sakafuni na simu yake, cherehani imefunikwa shuka gubigubi kama mgonjwa.

"Dada, ndege hayumo mle. Wanaamua wao, pesa ikishaingia. Nafanya kazi kwao, nimeona."

"Najua."

"Unajua?"

"Kwani mimi mtoto mchanga? Ndege mwenyewe hata simtaki, nitamlisha nini?" Hakuinua macho. "Nataka pale tu, kabla halijafunguka. Pale naona kama hakuna lililonipita."

Nikakaa naye bega kwa bega.

"Basi tukae hapo hapo, kabla. Usibonyeze."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lichoke lenyewe."

Sanduku likatetemeka. Likapumua. Mwanga ukapanda ukutani, ukapita usoni mwake, ukayagusa mapazia, na mimi nikahisi kama tumekaa chini ya bwawa, sote wawili, wala hatuzami. Unyoya wa dhahabu ukachungulia ufani, ukarudi. Kidole chake kikaruka; nikakishika. Kilikuwa cha moto. Dada hakuwahi kungoja zaidi ya pumzi mbili.

"Hesabu," nikamwambia.

Akahesabu kwa midomo, kama anavyohesabu mishono. Mitetemo saba, unyoya, kimya. Mitetemo saba, unyoya, kimya.

"Linarudia," akasema.

"Linarudia."

"Siku zote?"

"Hata ukilala ukaamka utalikuta hapo hapo. Hawakuchora zaidi. Hawakudhani kuna mtu atangoja."

Akalitazama tena, ila sasa kwa jicho lile analotazamia nguo iliyoshonwa na fundi mwingine: anageuza ndani nje, anatafuta uzi ulipoanzia. Akaguna. Nalijua guno hilo. Hulitoa akikuta kazi ya kulipua, iliyofanywa harakaharaka.

"Hodi! Nimefuata cherehani!" mtu akaita nje.

Dada hakuinuka. Aliuacha unyoya uchungulie, urudi.

"Mwambie leo haiuzwi."

"Na kesho?"

"Wewe na kesho yako! Nimesema leo. Nenda kabla sijageuza nia."

Nikaenda mbio, kiatu kimoja mguuni.