Kiondo cha Mutanu, Mstari kwa Mstari

Mlio tuliusikia tukiwa bado kwenye ngazi: kriii, kriii, tak. Kriii, tak. Mama akasimama, akanishika mkono.

“Ngui, nini hiyo? Panya?”

“Ni shairi langu hilo, Mwaitu,” nikamjibu mama kwa jina la Kikamba.

“Basi linahitaji mafuta.”

Juu, katika duka la fotokopi la rafiki yangu Nur, karibu na soko la Machakos, mashine ilikuwa kazini. Wapima ardhi waliitumia kuchora ramani hadi walipopata mpya, na Nur akaiokoa kabla haijatupwa. Ilishika kalamu halisi, ikaipeleka kushoto na kulia huku karatasi ikisogea mbele na nyuma chini yake. Kila kalamu ilipogusa karatasi, tak.

“Karibu, mama,” Nur akasema akimvutia kiti. “Kijana wako amenimalizia kalamu nyekundu zote. Mwambie aoe, aache kusumbua mashine ya watu.”

“Aoe nani, na yeye anaongea na kompyuta?”

Niliwaacha wacheke. Dada yangu Mutanu alikuwa anaolewa huko Kola mwezi wa Desemba, na alikuwa amemwomba mama amsukie kiondo chenye mapambo ambayo hakuna mwanamke mwingine aliye nayo. Mama na wenzake wa kikundi cha wasusi cha kijijini kwetu Muthetheni walijaribu, lakini kila walichoanza kilikuwa kimeshapita sokoni kwenye bega la mtu. Ndipo nikasimama mbele yao nikasema mapambo mapya nitaleta mimi.

“Mshairi atasuka kwa mdomo!” akasema Wayua, jirani yetu mwenye ulimi mkali, na wote wakanipigia makofi ya dhihaka. Kama ningeshindwa, Mutanu angeenda kwake na kiondo kama cha kila mtu, na mimi ningekuwa kichekesho cha Muthetheni nzima.

Lakini sikuwa na wasiwasi. Mizani na vina sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe nikipalilia mahindi, nikihesabu silabi kwa vidole vyenye udongo, na kompyuta nikaijua hivyohivyo. Nilikuwa nimemtungia Mutanu shairi. Programu yangu ililisoma silabi kwa silabi: yenye *a* ikawa alama nyekundu, yenye *i* ikawa nyeusi, zilizobaki zikaachwa nyeupe. Kisha mashine ikabahatisha yenyewe silabi za kurudia, ili kila mstari uwe mrefu kuliko uliotangulia. Hata mimi sikujua kitatoka nini.

Kikatoka kitu kama kitambaa. Kilikuwa chembamba juu na kipana chini, na wekundu ukateremka kwa kupinda, ukapotea kwenye weusi, ukaibuka pengine kabisa. Mama alikipapasa kana kwamba anatafuta nyuzi.

“Mstari wa kwanza wa shairi ni huu wa juu,” nikamweleza. “Ukishuka, unasoma.”

Akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

Nilirudi nyumbani siku chache kabla ya harusi. Wanawake walikuwa wameketi uani wakisokota mkonge mapajani, na mama alikuwa anamalizia mdomo wa kiondo. Nilipokiona, damu ikanipanda.

“Mwaitu! Mmeigeuza karatasi! Juu imekuwa chini!”

“Haya, fundi amefika,” akasema Wayua.

Mama hakuinua macho. “Ulisema shairi linaanzia hapa?”

“Ndiyo.”

“Na kiondo kinaanzia wapi?”

“Kwenye kitako.”

“Sasa ulitaka nianze kusema maneno yako kutoka mwisho?”

Nilifungua mdomo nibishe, kisha nikakitazama vizuri. Kila mzunguko wa kiondo ulikuwa mkubwa kuliko wa chini yake, na kila mstari wangu ulikuwa mrefu kuliko uliotangulia. Vilikutana bila kubanana. Wekundu ambao kwenye karatasi ulikuwa unateremka, hapa ulipanda kama moto kwenye majani makavu. Karatasi yangu haikuwa nzuri hivyo, na mimi si mtu wa kusema hivyo upesi.

Mutanu akatoka jikoni akipangusa mikono. Akakichukua, akaweka kidole chini kabisa. “Nisomee.”

Nikamsomea, naye akazungusha kidole taratibu:

“Mutanu dada wa kwetu, nyumba mpya yakungoja,
Kola si mbali na kwetu, tukiita utakuja.”

Tulipofika mdomoni, hata Wayua alikuwa ameacha kusokota. Kisha akacheka. “Ngui, hiyo mashine yako inifanyie na mimi kama hiki. Hiki hiki!”

“Na mimi!” akadakia mwingine. “Si inabonyezwa tu?”

Mutanu alikikumbatia kiondo, na furaha ikaanza kufifia usoni mwake. “Kwani inaweza kurudia?”

“Hata mara mia,” nikasema, maana mchoro wote ulikuwa bado kwenye kompyuta.

Nikasogea karibu na Mutanu, nikapaza sauti ili kila mtu uani pale asikie.

“Wayua, wewe nitakutungia shairi lako, na litakuwa na ulimi kama wako. Lakini hili, Mutanu, nikirudi mjini nalifuta kwenye kompyuta pamoja na mchoro wake, Nur akiwa shahidi. Mashine ile haitachora mstari wako hata mmoja tena, si kwa rafiki, si kwa mke wangu nikioa. Nakuahidi.”