Bega la Mushanana

Flaviana, binti wa Bukoba aliyefanya kazi ya uwakala wa forodha Kigali, alikuwa na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka, na katika kuificha hakuwa na mpinzani. Watu wa mji huu hawasalimiani kwa mbali. Wanakumbatiana, wanashikana mikono juu ya viwiko. Yeye alitangulia kunyoosha mkono, sweta limefika kwenye vifundo vya mikono hata jua likiwaka. Ofisini walisema anaringa, naye aliwaacha waamini hivyo.

Sasa Mugenzi alitaka kumwoa. Mugenzi aliyajua mabaka yake na hayakumsumbua. Mama yake Mugenzi ndiye hakujua. Na siku ya gusaba, familia ya mume inapokuja kuomba mke, mchumba huvaa mushanana. Vazi zuri kweli, ila huacha bega na mkono nje.

Mkobani alikuwa na tyubu mbili za dawa. Ya daktari ilikwenda polepole, miezi kwa miezi. Ya pili aliuziwa na Jovia, muuza vipodozi wa Kabuga, haina boksi wala maelezo. Pasaka aliipaka hiyo, mabaka yakatoweka upesi, akatembea mikono wazi kama malkia. Alipoacha yakarudi kwa hasira, yakashuka mpaka mapajani, na daktari akamgombeza kwa kuchezea krimu kali. Yote hayo aliyajua. Bado alikwenda kununua nyingine, maana sherehe ilikuwa mwezi ujao na alikuwa na hofu.

Jumamosi mama mkwe mtarajiwa, Béatha, aliyekulia Karagwe, alimwita nyumbani kwake Kinyinya kupima kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua hilo sweta, mwanangu, au leo tunampima kondoo?"

Flaviana alivua. Béatha aliona ngozi nyekundu yenye magamba, akarudisha mkono nyuma.

"Hii inaambukiza?"

"Hapana, mama. Na haiponi kabisa. Inatulizwa tu."

Flaviana akajiambia basi, uchumba umekwisha, akaanza kulitafuta sweta lake. Béatha akamshika bega, akamgeuza taratibu.

"Na huku mgongoni, nani anakupaka?"

"Hakuna. Naishi peke yangu Kagarama, na mkono haufiki."

"Dawa iko wapi? Lete."

Mkobani vidole viligusa kwanza tyubu ya Kabuga. Ingemfurahisha mama huyu kabla ya sherehe, na baadaye ingekuwa shida ya Flaviana peke yake. Aliisukuma kando, akatoa ya daktari.

"Hii inachelewa, mama. Siku ya gusaba mabaka yatakuwepo."

"Yatakuwepo," alisema Béatha, akinawa mikono. "Na wageni watakodoa macho, nawajua hao. Nitakuwa nimekaa karibu yako. Geuka."

Alianza kupaka pale katikati ya mgongo, bila haraka. Tangu ugonjwa uanze, hapo hapakuwa pameguswa na mkono wa mtu. Flaviana alilia, na safari hii hakuficha.